Kucheki afya Moshi: anza kwa daktari, vipimo vifuate

Dada zangu tunaofanya nao biashara Kiboriloni wakisikia nimeenda kucheki afya, swali la kwanza ni, "Niandae shilingi ngapi?" Inategemea unaingiaje. Ukifika mapokezi ukasema unataka kupimwa mwili mzima, utapimwa kwa kadiri ya pesa uliyobeba. Ukimwambia daktari kwamba una miaka 42, mama yako ana sukari na baba alipata kiharusi, amepata pa kuanzia. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye kumwona daktari. Kufungua faili na kumwona, mimi nimelipa kati ya 5,000 na 20,000, kutegemea ni zahanati, hospitali ya serikali au ya binafsi. Bingwa ana bei yake.

Mweleze ya ukoo, pombe, sigara, usingizi, hedhi, na dawa zote unazotumia. Za mitishamba usizifiche. Baadhi zinaumiza figo, na figo huharibika muda mrefu bila mwenyewe kusikia maumivu yoyote.

Baada ya mazungumzo kuna vipimo vinne ambavyo mtu mzima hapaswi kuvikosa: presha, sukari, mkojo, na uzito pamoja na mzunguko wa kiuno. Vyote kwa pamoja havijawahi kunifikisha 15,000.

Presha ndiyo inayopimwa vibaya kuliko vyote. Mwezi wa saba Moshi kuna baridi, tunavaa sweta juu ya sweta, na nimeona watu wakifungwa kitambaa cha mashine juu ya hilo sweta. Siku moja nilifika nikihema, nimetembea haraka kutoka kwenye daladala. Muuguzi mmoja mtu mzima akanipima, mashine ikasoma 148/92. Hakuandika. Akaniambia, "Mama, kaa kwanza. Vua sweta, miguu yote chini, usikunje nne. Na usiongee." Akauweka mkono wangu mezani, usawa wa moyo, akanyamaza na mimi nikanyamaza kwa dakika kama tano. Aliporudia ilikuwa 126/80. Wangapi wanarudishwa nyumbani na dawa za maisha kwa sababu hakuna aliyewaambia wakae? Presha ya kupanda ni 140/90 na kuendelea, tena ikirudia hivyo siku tofauti. Ila ikifika 180/120 na kifua kinabana, kichwa kinagonga au mkono umekufa ganzi, hiyo si ya kusubiri siku nyingine, ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Sukari pima asubuhi kabla ya kula, ukiwa umekaa saa 8 au zaidi bila chakula. Maji ruksa. Kikombe cha chai ya maziwa cha alfajiri kinaharibu kipimo, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ya jioni iliyotangulia inaweza kupandisha mafuta kwenye damu, kwa hiyo iache. Chini ya 5.6 mmol/L uko salama, 7.0 na kuendelea ni dalili ya kisukari, na hurudiwa siku nyingine kuhakikisha. Katikati ya hapo umepewa nafasi ya kupunguza sukari na kuongeza mwendo.

Vipimo vingine hufanywa panapokuwa na sababu. Mwenye presha au sukari apime kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, na mafuta kwenye damu. Anayechoka ovyo apime wingi wa damu. Katika maabara za hapa mjini nimelipia kipimo kimoja cha aina hiyo kati ya 10,000 na 40,000. Cha mafuta ndicho huwa na bei ya juu. Uliza bei dirishani kabla hujatolewa damu. Mwenye bima aulize kama kitita chake kinalipia kipimo ambacho hana dalili yake. Na kwa haya yote si lazima kupanda hadi KCMC, hiyo ni hospitali ya rufaa ya kanda. Hospitali ya Mawenzi hapa Moshi wanapima, na walio Arusha wana Mount Meru.

Wanawake wenzangu, hasa kuanzia miaka 30, naomba mnisikilize hapa. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania, na uchunguzi wake katika vituo vya serikali hutolewa bure. Mtoa huduma anapaka siki maalumu, panapobadilika panaonekana peupe, na unaondoka na majibu palepale. Mwenye virusi vya UKIMWI aanze mapema na arudie mara nyingi zaidi. Wanaume wakifika 50 wazungumze na daktari kuhusu tezi dume. Kipimo cha kuanzia ni cha damu.

Kinachoniuma ni wale wanaozunguka stendi na kwenye mikutano na kimashine cha kushika kiganjani. Dakika moja, kompyuta inatoa kurasa za ini, figo na mifupa, kisha unauziwa makopo ya virutubisho kwa laki na zaidi. Damu haikutolewa, mkojo haukuchukuliwa. Hakuna kreatinini inayosomwa kwenye kiganja. Pesa hiyohiyo ingempima mzazi wako vipimo vyote nilivyovitaja hapo juu.

Ukishavuka 40, au ukoo una presha na sukari, rudia kila mwaka. Kama hela imebana, fuatilia matangazo ya hospitali karibu na tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, maana mara nyingi presha na sukari hupimwa bure. Karatasi ya majibu iombe hata ukiambiwa yapo kwenye mfumo, uitunze pamoja na za nyuma. Kreatinini ya 85 (µmol/L) peke yake inaweza kuonekana ya kawaida, lakini daktari akiona mwaka juzi ilikuwa 55, ataanza kuuliza maswali mapema.