Fomu ikiuliza jinsia mara mbili

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia Waswahili wenzangu hapa Uingereza kujaza fomu. Ukurasa unaowakwamisha zaidi ni ule wa takwimu za usawa, unaouliza mambo kama jinsia ya mwombaji. Juzi nilikaa na mama mmoja anayeomba kazi ya kutunza wazee. Akaweka tiki kwenye "mwanamke", kidole kikateremka mstari wa pili, kikasimama.

"Mwanangu, si nimeshawaambia? Wanataka nini tena?"

Swali liliuliza kama jinsia anayojitambua nayo ni ileile aliyosajiliwa nayo alipozaliwa. Mimi, kwa haraka, nikamwambia: "Wanauliza kama umebadili jinsia." Akajibu hapana, nikaweka tiki kwenye "Hapana". Tulipokuwa tunakunja karatasi ndipo nikashtuka: kwa fomu ile, "Hapana" maana yake si ileile. Nilikuwa nimemwandikisha kuwa amebadili jinsia.

Hatuko peke yetu. Sensa ya 2021 ya England na Wales iliuliza swali la aina hiyo kwa hiari, kwa wenye miaka 16 na zaidi. Watu wapatao 262,000 walijibu hapana, na Newham, eneo la London lenye wahamiaji wengi, likawa miongoni mwa yaliyoongoza. Mwaka 2024 takwimu hizo zilishushwa hadhi, kwa kuwa kulikuwa na dalili kwamba baadhi ya wasiokijua Kiingereza vizuri hawakulielewa swali.

Kwa hiyo, ninyi mnaotunga fomu, ulizeni yote mawili, jinsia ya kuzaliwa na kubadili jinsia, lakini kila moja kivyake. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya 2010 nayo imeyatenganisha. Kwanza: wa kike au wa kiume? Bila hilo hatutajua wanawake wanapunjwa wapi mishahara. Kisha, kwa hiari: je, umebadili jinsia, au unajitambua tofauti na ulivyozaliwa? Waliobadili jinsia ni watu halisi, wana haki ya kuhesabiwa bila kufunikwa na makosa yetu.

Nawe mkalimani, neno "jinsia" pekee halitoshi hapo, maana kwetu linabeba yote mawili. Soma swali hadi mwisho, litafsiri lilivyo, kisha uliza jibu. Na wewe unayejaza, sehemu hiyo kwa kawaida ni ya hiari. Usipoelewa, weka tiki kwenye "sipendi kusema" au iache wazi, kuliko kubahatisha.

Yule mama tulimwombea karatasi nyingine, tukaanza upya, polepole.