Unaenda Sicily? Kabla hujafunga begi, kuna vitu vya kuangalia na kusoma

Kila ikifika mwezi wa nne simu yangu haitulii, ndugu na mashoga zangu waliopo huku Ulaya wameshakata tiketi za bei chee za kwenda baharini kiangazi, na wote wanataka kitu kimoja, nipe muvi za Mediterania niangalie nipate mudi. Mimi huwa nauliza, Mediterania ipi sasa? Hiyo bahari ina Hispania, ina Ugiriki, ina Misri, ina Algeria na Lebanon, ni kama mtu akuambie anaenda Bahari ya Hindi, utajuaje kama ni Lamu au Mumbai. Niambie unalala mji gani ndio nikwambie uangalie nini. Muvi ya Ugiriki haikusaidii kitu ukiwa Palermo zaidi ya kukuonyesha maji ya bluu, na maji ya bluu utayaona bure ukifika.

Basi leo naongelea Sicily zaidi, kile kisiwa cha Italia ambacho Palermo ndio mji wake mkuu, ndiko mimi na baba watoto tunakorudi tukipata nafasi. Ugiriki nitaigusa huko chini kidogo.

Tuanzie na vya Kiswahili kwanza, maana watu wanadhani lazima usome Kiingereza. Mwalimu Nyerere alitafsiri Mabepari wa Venisi, kikatoka 1969 akiwa rais, yaani mtu ana nchi nzima ya kuendesha na bado anakaa na Shakespeare. Kama safari yako inapitia Venice kisome, hakichukui muda, na ukifika pale Rialto utajua ndipo wafanyabiashara walipokuwa wanapashana habari, meli ya nani imezama, nani kafilisika, nani anadaiwa, siyo tu daraja la kupigia selfi huku umesukumwa na watu kila upande. Kingine ni Tufani, cha Shakespeare huyo huyo, tafsiri ya S. S. Mushi, na hiki wengi waliokisoma shuleni hawakuambiwa kwamba ni hadithi ya Mediterania kabisa, meli inatoka Tunis, mfalme wa Napoli kamuozesha binti yake huko na sasa anarudi nyumbani na watu wake, dhoruba inawatupa kisiwani. Kisiwa hakitajwi jina. Chukua ramani uangalie kuna nini katikati ya Tunis na Napoli halafu uniambie unawaza wapi. Mpaka leo kuna meli za abiria kati ya Palermo na Tunis, zimejaa familia na mabegi na magari yaliyofungwa mizigo juu. Nakala za vitabu hivi ni za kutafuta kwa wauza vitabu vya zamani wa barabarani au maktaba za shule, yangu nilipewa na mjomba aliyekuwa mwalimu na sikiazimishi.

Haya, muvi. Kama una nafasi ya moja tu basi ni Cinema Paradiso ya Giuseppe Tornatore, ya 1988, hapo sibishani na mtu. Kuna mtoto anaitwa Totò, mtundu kweli kweli, anang'ang'ania chumba cha mzee Alfredo anayeendesha mashine ya sinema pale kijijini, na kuna padri ambaye lazima aangalie kila muvi kabla ya watu, akiona busu tu anapiga kengele na Alfredo anakata hicho kipande. Wazee wanaokumbuka Majestic na Cine Afrique za Zanzibar, ukumbi umejaa, makelele, miluzi, mtu anamjibu steringi kana kwamba anamsikia, hawa hawahitaji kuelezwa chochote. Mama yangu Kiitaliano hajui hata neno na aliangalia mpaka mwisho akalia, na huo mwisho siusemi hapa.

Ila kwa msafiri faida yake ni nyingine. Lile jengo la sinema usihangaike kulitafuta, lilijengwa kwa ajili ya muvi tu kwenye uwanja wa Palazzo Adriano, mji mdogo milimani kusini ya Palermo. Uwanja wenyewe upo, chemchemi ipo, makanisa mawili yapo, na wazee wako kwenye mabenchi wanakukagua kuanzia viatu mpaka kilemba. Bila gari ni shida kufika huko. Asiye na gari aende Cefalù, kama saa moja tu kwa treni kutoka Palermo, pale bandari ya zamani ndipo ilipopigwa ile sehemu ya watu kuangalia sinema nje kando ya maji, na ukiwa umeiona muvi utakaa pale muda mrefu kuliko wenzako wanaokimbilia kivuli. Halafu angalia toleo fupi, la dakika 124, ndilo dunia ililolipenda. Lipo refu la karibu saa tatu, linaeleza mambo ambayo hakuna aliyekuwa anataka kuelezwa.

Na tafadhali sana usiangalie iliyobandikwa sauti za Kiingereza. Najua tumekulia muvi za akina Lufufu, na Kenya wana DJ Afro wao, ile ni sanaa yake peke yake na inachekesha, lakini hapa unataka sikio lizoee Waitaliano wanavyopandisha sauti bila kugombana, na macho yazoee mikono yao, maana nusu ya mazungumzo Sicily iko mikononi. Ukifika sokoni Ballarò, pale Palermo, ukamsikia muuza samaki anapiga kelele hutashtuka, utaona tu kama Kariakoo, mtu anafanya biashara.

Kwa vitabu mimi ni Montalbano, na hapa nitawachosha kidogo. Andrea Camilleri alianza kuandika habari za huyu kamishna wa polisi akikaribia miaka 70, cha kwanza, La forma dell'acqua, kikatoka 1994, vikaja vingi baada yake, na tamthilia ya TV ikaanza 1999. Ni vitabu vyembamba, mauaji yapo lakini mauaji ni kisingizio, mtu wetu muda wote anawaza chakula. Asubuhi anaogelea, mchana anakula samaki na hataki mtu amsemeshe wakati anakula, kuna hadithi moja anakataa kwenda Paris na mchumba wake mwaka mpya kwa sababu tu Adelina, mama anayemfanyia kazi nyumbani, amesema anapika arancini. Yale madonge ya wali ya kukaanga yenye nyama ndani, ndiyo. Kwa Kiingereza chukua tafsiri ya Stephen Sartarelli, nyuma anaweka maelezo ya vyakula na mambo ya huko, mimi naanzia huko nyuma.

Faida ya Montalbano ni kwamba anakupa saa za kisiwa. Mgeni anatoka hotelini saa tisa mchana na njaa anakuta kila kitu kimefungwa, duka limefungwa, jiko limefungwa, barabarani paka tu, anaanza kulalamika kwamba watu wavivu. Ukiwa umesoma unajua, chakula cha mchana kuanzia saa saba, ukichelewa imekula kwako, baada ya hapo watu wanalala au wanakaa ndani mpaka saa kumi, usiku hakuna anayekula kabla ya saa mbili, na ukiwa na watoto wadogo lazima ujipange kwa hilo, uwe na kitu kwenye mkoba. Wapenzi wa tamthilia wanaenda Punta Secca kupiga picha nje ya nyumba ya kamishna, na Scicli ambako jengo la manispaa ndilo kituo chake cha polisi. Scicli ni mji mzuri hata kama hujawahi kumuona huyo Montalbano.

Halafu kuna Il Gattopardo ya Tomasi di Lampedusa. Mwandishi alikufa 1957, wachapishaji walikuwa wamemkatalia, kitabu kikatoka mwaka uliofuata kikawa maarufu dunia nzima, hayo ndiyo maisha. Inaanza 1860, Garibaldi, yule mpiganaji wa kuiunganisha Italia, anashuka Marsala na watu wake, na mwana mfalme mmoja mzee anatazama ukoo wake unavyopitwa na wakati. Visconti aliitolea muvi 1963, ndefu, ile dansi ya mwishoni peke yake ni robo ya muvi, wengine watasinzia. Kuna tamthilia ya Netflix ya 2025 pia, nguo nzuri, majumba mazuri, ila kama unachagua moja chukua kitabu, kwa sababu joto la kwenye kitabu utalisikia mwilini. Vumbi, farasi wamechoka, visima vikavu, mzee analaani kiangazi cha Sicily kwa kurasa. Na hatii chumvi, tarehe 11 Agosti 2021 karibu na Siracusa kilipimwa kipimo cha nyuzi 48.8, rekodi ya Ulaya nzima. Sisi watu wa Tanga joto tunalijua, lakini lile ni kavu, linakukausha mpaka mdomo. Nendeni mwezi wa tano au wa kumi kama likizo za shule zinaruhusu.

Ukitaka kitu cha kale zaidi, na hiki wengi hawakitegemei, soma safari za Ibn Jubayr, msafiri Mwislamu wa Andalusia, sehemu ya Sicily tu, ni kurasa chache za jioni moja. Alikuwa anarudi kutoka hija, meli yao ikavunjika Messina mwishoni mwa 1184, akakatiza kisiwa akapita Cefalù, Palermo mpaka Trapani. Anaeleza wanawake wa Kikristo wa Palermo sikukuu ya Krismasi, hariri ya nyuzi za dhahabu, mitandio ya rangi, hina vidoleni, manukato, wamejifunika kama wanawake wa Kiislamu, ukisoma unasema mbona kama wanaenda harusini Unguja. Na hapo hapo Palermo miaka 30 kabla yake, 1154, Al-Idrisi alimalizia kitabu chake cha jiografia ya dunia kwenye jumba la mfalme Roger wa Pili, na Malindi na chuma chake imo, na Mombasa imo. Kwa hiyo usitembee pale kwa unyonge kama umekuja kuomba njia.

The Godfather mmeshaiona wote. Harusi ya Michael ilipigwa Savoca, mlimani karibu na Taormina, Bar Vitelli ipo hadi leo na watu wanakunywa granita ya limao pale. Sawa, nendeni. Ila mkishatoka hapo msianze kumuuliza dereva habari za mafia mnacheka cheka, na zile fulana za mafia za madukani ziacheni. Angalieni I cento passi ya 2000, habari ya kweli ya Peppino Impastato wa Cinisi, kijana aliyezaliwa kwenye familia yenye jamaa mafia, akaanzisha redio ya kumtukana na kumcheka bosi wao, Badalamenti, aliyekuwa anaishi hatua mia moja tu kutoka kwao. Waliua kijana wa watu Mei 1978. Cinisi ndiko uwanja wa ndege wa Palermo ulipo, na uwanja unaitwa Falcone na Borsellino, majaji wawili waliolipuliwa 1992, na ukichukua basi kwenda mjini unapita Capaci kwenye minara ya kumbukumbu pale pale Falcone alipouawa na mkewe na walinzi. Abiria wote wanaangalia simu. Mimi tangu niione hiyo muvi sijawahi kupita pale nikiwa naongea.

Io Capitano ya Matteo Garrone, 2023, nimejiuliza kama niiweke kwenye mambo ya likizo na nimeiweka. Vijana wawili wa Dakar wanatoka nyumbani bila kuaga, jangwa, Libya, na mmoja, Seydou, anapewa usukani wa meli iliyojaa watu kuelekea Sicily na kuogelea hajui. Lugha ni Kiwolof na Kifaransa. Usiwawashie watoto wadogo. Ukiwa mweusi Ballarò utakutana na vijana wa Gambia, Nigeria, Senegal, watakuita dada, watakuuliza umetoka wapi, na ni vizuri ukawa unajua barabara waliyopita kabla hujaanza kuwaeleza hoteli yako ina bwawa.

Ugiriki kwa haraka haraka. Unaenda Crete, angalia Zorba the Greek ya 1964, ile dansi ya ufukweni ilipigwa Stavros karibu na Chania, na riwaya ni ya Kazantzakis, kaburi lake liko juu ya ukuta wa mji wa Heraklion, ni bure na upepo mzuri. Unaenda Skopelos, Mamma Mia, mnajua wenyewe, kile kikanisa juu ya mwamba kina ngazi karibu 200 kwa hiyo viatu vya visigino ni picha tu. Watoto wangu ni Luca, katuni ya Pixar, japo ile ni pwani ya Liguria, kaskazini mwa Italia, siyo Sicily, walichotoka nacho ni kutaka Vespa na tambi za pesto, basi.

Vingi hivi hutaviweza vyote na wala usijaribu. Muvi mbili nyumbani wiki ya kabla, kitabu kimoja mkononi, na kiwe kimefika katikati siku ya kusafiri ili usikianze kwa uvivu ufukweni. Ukiweza usiende kwa ndege, chukua meli ya usiku ya Napoli kwenda Palermo, inaondoka jioni na kufika asubuhi, hapo ndipo utasoma kuliko siku zote za likizo kwa sababu intaneti inakata mara tu taa za Napoli zikipotea. Kila kitu kiwe kimeshashushwa kwenye simu kabla ya bandarini, chukua na koti, ndani ya zile meli kiyoyozi hakina huruma.