Pesa ya wakili hukuishika, lakini IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) inakuhesabia wewe

Wenzangu mlioko Marekani, mkishinda kesi ya mafao ya ulemavu ya Social Security (hifadhi ya jamii), wekeni kitu pembeni kabla ya kutuma nyumbani. Januari inakuja na fomu ya SSA-1099, taarifa ya mafao yako ya mwaka, na kilichoandikwa humo si kile kilichoingia benki.

Shemeji yangu alipewa malimbikizo ya dola 30,000. Kwa mkataba wa kawaida wakili huchukua robo, isiyozidi dola 9,200 tangu mwishoni mwa 2024, na Social Security humlipa yeye moja kwa moja. Shemeji akapata 22,500. Fomu ikaja na 30,000 kamili. Ile 7,500 ya wakili imo kwenye maelezo ya kisanduku cha 3, kana kwamba aliila yeye!

Aliyemjazia ritani (fomu ya kodi ya mwaka) alimhakikishia kwamba ada ya wakili itapunguzwa kwenye mapato. Hayo ni ya zamani. Sheria ya 2017 ilisimamisha punguzo hilo kuanzia 2018, na ya 2025 ikalizika kabisa. Naona ni dhuluma, lakini ndiyo sheria.

Nafuu ipo kwenye kisanduku hichohicho, maana malimbikizo yameandikwa mwaka kwa mwaka. IRS inakuruhusu kupiga hesabu kama vile kila fungu la miaka ya nyuma lililipwa mwaka wake, kwa mapato ya mwaka ule. Ritani za zamani hazirekebishwi. Unajaza majedwali ya Publication 915, na ukiona kodi imeshuka, unatia alama kwenye mstari wa 6c wa fomu 1040, yaani ritani yenyewe. Shemeji miaka ile hakuwa na mshahara, na mkewe alikuwa akifanya vibarua tu, kwa hiyo sehemu kubwa ikasalimika. Ila nendeni na nakala za ritani za miaka hiyo.

Kinachopimwa ili kujua kama mafao yatatozwa kodi ni nusu ya mafao pamoja na mapato yenu mengine. Kodi huanza jumla hiyo ikizidi dola 25,000 kwa aliye peke yake, 32,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Viwango hivyo havijapandishwa tangu miaka ya 1980. Wanandoa mkiishi nyumba moja mkajaza mbalimbali, kiwango ni sifuri. Anayewashauri hivyo mwulizeni mara mbili.

Wanaopokea SSI (ruzuku ya wenye kipato kidogo) pekee wasihangaike, haitozwi kodi na haina SSA-1099.