Re: Nianzie wapi mashairi ya kale ya Wagiriki na Warumi?

Mkuu umeuliza uanze na Sappho (Mgiriki), au Catullus na Horace (Warumi), na kama ni lazima ujue lugha zenyewe. Mimi Kilatini nilisomeshwa seminari miaka minne, ni vita vya Kaisari tu asubuhi mpaka jioni, shairi hata moja hatukuonjeshwa, haya mengine nimejitafutia mwenyewe ukubwani.

Anza na Catullus. Sio kwamba anawazidi wenzake, ila ana mashairi mafupi, unamaliza moja kwenye daladala. Lipo la mistari miwili tu, linaanza "Odi et amo", yaani nachukia na napenda. Nikajifanya mjanja, si nimekulia kwenye mizani, nikahesabu kwa vidole: o-di-et-a-mo... mstari wa kwanza nikapata 17, narudia 17, kitabu kinasema 15. Siku tatu nagombana na kitabu! Kumbe neno likiishia na irabu na linalofuata likaanza na irabu, ile ya kwanza inamezwa, unatamka "od'et amo", mbele "quare id" nayo inakuwa "quar'id", mbili hizo zimeondoka. Mbona sisi mwana wangu ni mwanangu na hatushangai.

Na hata ukipata hesabu bado, maana wale wanapima silabi ipi ndefu ipi fupi, na vina ndo hamna kabisa. Soma kwa sauti huku unagonga meza, ndefu uivute, fupi uipitishe haraka. Mama watoto alidhani nimechanganyikiwa.

Ukizoea nenda shairi lake la 51. Hapo anamfasiri Sappho wa kisiwa cha Lesbos, aliyekuwa akiimba kwa kinubi huko kwenye 600 KK, na amechukua mpaka umbo lake: mistari mitatu ya silabi 11, wa nne silabi 5. Huo mfupi usidhani kibwagizo, haurudiwi. Lile la Sappho lenyewe (namba 31) anamwona anayempenda amekaa anacheka na mwanaume, basi ulimi unakatika, moto unatembea chini ya ngozi, masikio yanavuma, mwisho anasema amekuwa "chloros" kuliko majani. Hilo neno ni ukijani na ni kupauka, vyote humo humo. Niliwahi kuandika "nimepauka kuliko majani makavu", nikafuta, majani yake mabichi bwana. Mpaka leo sijapata.

Kwa hiyo lugha sio lazima kuanzia, ila tafuta vile vitabu vidogo vya Loeb, vyekundu Kilatini, vya kijani Kigiriki, kushoto lugha yenyewe kulia Kiingereza. Horace muache kwanza, anatawanya maneno, sifa iko mstari huu nomino yake unaikuta chini huko, utakata tamaa bure.

Na ukifungua Sappho ukakuta mabano matupu yamejaa ukurasa sio kosa la uchapaji, hapo mafunjo, yaani zile karatasi za kale alizonakiliwa, yalichanika. Shairi lake zima kabisa limebaki moja tu, lile la kumuomba Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi.