Fomu ya kaunti na uteuzi wa Uingereza

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafuatilia kriketi ya kaunti, yaani mashindano ya timu za kaunti za Uingereza, na mwenzangu hunibishia kila mara kwamba takwimu za kaunti pekee ndizo zinazopaswa kumpa mchezaji nafasi katika timu ya taifa. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako ana hoja, lakini haitoshi. Mtazame Shoaib Bashir, mrushaji wa mpira wa kuzunguka, ambaye alipoichezea Uingereza kwa mara ya kwanza nchini India mwezi Februari 2024 alikuwa amecheza mechi sita tu za daraja la kwanza, yaani mechi rasmi za siku kadhaa. Katika msimu wa kaunti wa mwaka huohuo, Somerset, kaunti yake wakati huo, ilimtegemea zaidi Jack Leach, mrushaji mwingine wa mpira wa kuzunguka, hata Bashir akaazimwa mwezi Juni kwa kaunti ya Worcestershire, na akiichezea, mpigaji Dan Lawrence wa kaunti ya Surrey alimpiga hadi ova moja, yaani zamu ya mipira sita halali, ikagharimu mikimbio (pointi) 38. Mwezi uliofuata, akiichezea Uingereza katika uwanja wa Trent Bridge, aliangusha wiketi tano dhidi ya West Indies, yaani aliwatoa wapigaji watano, huku akifungwa mikimbio 41 tu. Waliomteua walitazama urefu wake na namna mpira unavyoruka kutoka mkononi mwake, na mimi naona walifanya haki, ingawa ninawahurumia kwa dhati warushaji waliovumilia misimu mingi katika kaunti bila kuitwa.