Maswali na majibu: Hasira za bosi na habari zisizomfikia

Mfawidhi wetu wa wodi anafoka kila zamu, lakini kwenye taarifa makosa yetu ya dawa ni machache kuliko wodi nyingine. Si uongozi bora huo? (Muuguzi, Dodoma)

Makosa machache kwenye karatasi hayana maana kwamba wodini ni machache. Miaka ya 1990, mtafiti Mmarekani Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa hospitalini akitarajia timu zenye maelewano mazuri zikosee kidogo. Takwimu zikaja kinyume: ndizo zilizoonyesha makosa mengi. Alipochimba zaidi akaona kwamba watu wa timu hizo walithubutu kusema walipokosea, wakati wenzao kwingine waliogopa wakanyamaza.

Chukua muuguzi aliyempa mgonjwa dozi mara mbili saa nane za usiku. Anaweza kumwamsha daktari papo hapo, au akarekebisha faili na kumwomba Mungu. Atakachochagua kinategemea sana uso atakaoukuta asubuhi. Kiongozi mimi nampimia hapo: habari mbaya inachukua muda gani kumfikia, na imepunguzwa kiasi gani njiani. Kwenu, naogopa, haifiki kabisa, na anayeumia ni mgonjwa.

Mimi ni mwenyekiti wa kikoba, mpole kwa asili. Wanachama wanachelewesha marejesho wakisema "mama hana neno". Niwe mkali? (Mama wa Morogoro)

Toza faini iliyoandikwa kwenye katiba yenu, kwa sauti yako ileile ya siku zote, na umtoze hata shoga yako. Marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi tulimjua kwa upole, na wapo waliouita udhaifu. Lakini mwaka 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu baada ya raia kufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga, ingawa mkono wake haukuwamo. Uamuzi mzito kiasi hicho aliufanya bila kumfokea mtu. Mwaka 1985 akawa Rais.

Kwa hiyo kiongozi asikasirike kabisa? (Mwanafunzi, Iringa)

Akasirike, hasa pale watu wake wanapodhulumiwa. Chris Hani, kiongozi aliyependwa wa wapinga ubaguzi wa rangi, alipouawa Aprili 1993, Afrika Kusini ilikuwa ukingoni mwa kumwaga damu. Nelson Mandela alizungumza na taifa kwenye televisheni bila kuficha uchungu, lakini akawaeleza jambo ambalo wenye hasira walihitaji kulisikia: muuaji alikuwa mzungu, na aliyesaidia akamatwe alikuwa mwanamke mzungu, Kaburu.

Hasira zikinipanda naandika kwenye grupu la WhatsApp la kazini, kisha najuta. (Msimamizi wa ghala, Mombasa)

Julai 1863, baada ya mapigano ya Gettysburg katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Rais Abraham Lincoln alimwandikia jenerali wake, Meade, barua kali kwa kumwacha adui atoroke. Hakuitia saini wala hakuituma. Ilikutwa kwenye makaratasi yake. Nawe andika yote, ila kwenye daftari. Kisha mwite mhusika pembeni, ukianza na swali: "Ilikuwaje?" Mara nyingi utakuta lori lilichelewa bandarini na kijana wa watu hana kosa. Na ile uliyokwisha kuituma, omba radhi kwenye grupu lilelile. Ukimtukana mtu hadharani ukamwomba radhi chemba, wenzake wanabaki na tusi tu.

Nimefiwa na mama yangu na nimerudi kazini. Nijikaze mbele ya walimu? (Mwalimu mkuu, Kigoma)

Pole sana, mwalimu. Usijikaze kupita kiasi. Wakikuona umenuna bila kujua sababu, kila mmoja atadhani amekukosea, na hapo ndipo wataanza kukuficha mambo. Waambie wakati wa chai kwamba wiki hizi utakuwa mzito, na kwamba wakiwa na shida waje vilevile. Paredi ya asubuhi mwachie makamu wako kwa sasa.