Neno "Mbalimbali" Lilivyokula Mtaji Wangu

Juzi mdogo wangu mmoja wa Mwanza alinitumia invoisi ya mzigo wake wa kwanza kutoka Guangzhou. "Dada, imekaa sawa hii?" Nikafika mstari wa tatu, moyo ukanilipuka: "bidhaa mbalimbali za stenlesi, katoni 46."

Mstari kama huo ndio ulionimaliza mimi. Nilikuwa nimechangia kontena na wenzangu wa Kariakoo: sufuria, vijiko, masinki ya jikoni, chupa za chai. Mtu niliyemwita rafiki akanishauri, "Usijichoshe, andika jumla jumla, utalipa kidogo." Nikamsikiliza. Mpaka leo tukikutana ananisalimia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Bandarini wakala wangu alinigeuzia ile karatasi akasema, "Dada, umejifunga mwenyewe." Nikaelewa siku hiyo kwamba forodha kila kitu kina kwao, yaani namba yake ya ushuru. Sufuria za stenlesi ni 7323.93. Sinki ni 7324.10. Vijiko na uma ni 8215, visu vya jikoni 8211. Chupa ya chai, hata iwe stenlesi ndani na nje, ni 9617, wala haikai na vyombo vya chuma. Lipo kapu la 7326.90 la vitu vingine vya chuma, lakini hilo ni la kilichokosa kwao, si la mvivu wa kuandika.

Namba ndiyo inayobeba ushuru. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Chukua mzigo wa milioni moja, bei ya kununulia pamoja na nauli na bima. Kwa 25 unalipa ushuru 250,000, kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya 1,250,000, nayo ni 225,000. Kwa 35, ushuru na VAT vinafika 593,000 badala ya 475,000. Tozo nyingine sijazigusa.

Kilichoniuma zaidi ni thamani. Invoisi haikuwa na bei ya kila kitu, kwa hiyo bei yangu haikuaminika, watu wa forodha wakatafuta ya bidhaa zinazofanana. Katoni ikapasuliwa mbele yangu, vijiko vimefungwa dazeni dazeni kwa mpira. Vyangu vilikuwa stenlesi ya daraja 201, wakavipima kwa bei ya 304, yenye nikeli nyingi na ghali zaidi. Nikatoa sumaku kujitetea kwamba si 304. Haikunisaidia, maana zote mbili kwa kawaida hazishiki sumaku. Daraja lilitakiwa liwe kwenye karatasi. Gharama za siku za ghala zikahesabika, nikauza cherehani mbili alizoniachia mama.

Mwezi uliopita mzigo wangu umetoka bila swali hata moja, mistari 19, na nimejivunia sana. Jamani, tuache kupenda njia za mkato! Mfanyabiashara anayeona uvivu kuandika vijiko vyake anamkabidhi mtu mwingine kalamu ampangie bei. Andikeni kila kitu. Kila kitu, ndugu zangu.

Mdogo wangu, usilipe salio bado. Mrudishie muuzaji invoisi, akupe jina la kila chombo, daraja, idadi, uzito na bei, mstari kwa mstari. Akikwambia wateja wengine hawamsumbui hivyo, mwambie utasubiri.